Sipandi nduthi bila helmeti, na lawama ni ya Baiolojia

Wasee, hebu angalia mguu wako wa kulia, upande wa ndani, chini ya goti. Kuna alama hapo? Karibu chamani. Hiyo ni stempu ya bomba la moshi la nduthi, na karibu kila mtu ninayemjua mtaani anayo. Yangu niliipata nikishuka kwa haraka. Nilichechemea siku mbili, ngozi ikabambuka, ikarudi. Leo ni stori ya kuchekesha tu.

Shida ni kwamba hiyo alama imetudanganya. Tumezoea kuwa mwili ukiumia, unapona. Paka kitu, ngoja kidogo, maisha yaendelee.

Kama ulisoma Baiolojia, unakumbuka zile tishu nne: epithelia, unganishi, misuli na neva. Tulizikariri, tukapata maksi, tukazisahau. Lakini hizo nne hazijiponyi kwa njia moja, na hapo ndipo mambo yako.

Epithelia ndiyo inayofunika: ngozi ya juu, ndani ya mdomo, utando wa tumbo. Seli zake zinakufa na kubadilishwa kila wakati, ndiyo maana ukijiuma shavu ukila chapo, baada ya siku chache hata hukumbuki. Tishu unganishi nayo ni familia ya maajabu. Mifupa imo, mafuta yamo, hata damu imo. Mfupa ukivunjika unawekwa plasta na baada ya wiki kadhaa unashikana. Lakini gegedu la goti, la familia hiyo hiyo, halina mishipa ya damu, kwa hivyo likilika kurudi ni ngumu. Uliza mjomba yeyote aliyekuwa anacheza mpira. Misuli tuwaachie watu wa gym.

Halafu kuna neva. Neva ya mkono ikikatika inaweza kukua tena, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni. Na hiyo ndiyo habari njema! Kwa ubongo, seli za neva zikishakufa, kwa kawaida hazirudi. Sehemu zilizobaki zinajaribu kujifunza kazi ya zile zilizokufa, pole pole, kama zitaweza.

Sasa hiyo ndiyo tishu tunayopitisha katikati ya matatu na malori bila kitu kichwani, kwa sababu nywele tumesuka juzi.

Najua mtaniambia nini. Helmeti ya abiria inanuka. Imevaliwa na watu mia. Nani anataka kutoka na ugonjwa wa ngozi? Manze, naelewa, mimi pia nimeshawahi kunusa moja nikairudisha. Lakini hesabu hiyo iangalie vizuri: tunaogopea ngozi, tishu inayojitengeneza upya, halafu tunacheza na ile isiyorudi. Kama shida ni harufu, vaa kofia nyepesi ndani, ama nunua yako.

Na nyinyi madereva, hamjapona. Sheria ya trafiki tangu 2012 inataka helmeti kwa dereva na abiria, na abiria awe mmoja. Mnayo, lakini imevalishwa kioo cha pembeni, ikingoja polisi. Kioo kina ubongo gani? Uchambuzi wa Cochrane wa 2008 uliokusanya tafiti nyingi ulipata kuwa helmeti inapunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 kwa waendesha pikipiki. Hakuna dawa yoyote hospitalini inayoweza kufanya hivyo baada ya ajali.

Yangu nilinunua mwezi uliopita. Inanibana masikio na haiingii kwa begi, kwa hivyo naenda nayo mpaka darasani. Pale steji siku hizi wananiita rubani.