Msumeno wa Mashine Ukizimika-zimika, Usianze na Kabureta



Kona yetu ya vyombo vya kazi wiki hii inazungumzia msumeno wa mashine, ule tunaouita hapa tronsoneze. Wengine watauliza: hicho si chombo cha wababa? Mkononi, ndiyo, mara nyingi ni cha wababa. Lakini mti ni wa nani? Ni wa mama anayetaka mbao za mlango. Ni wa mjane anayetaka kuondoa mwembe ulioinamia jiko lake. Au mashine yenyewe ni ya kikundi cha wamama waliotoa pesa za likelemba ili wainunue na kuikodisha. Mashine hiyo ikizimika kila baada ya dakika kumi, siku inapita, esansi inaisha, na anayelipa ni yule aliyesimama pembeni asiyejua aulize nini.

Jibu analopewa tunalijua: "Mama, kabureta imekufa, toa pesa." Pengine ni kweli. Lakini kabureta ni kitu cha mwisho kutazamwa, maana mbele yake kuna mambo sita au saba yasiyogharimu chochote, au yanayogharimu kidogo sana.

Shikeni neno moja: mashine haizimiki ovyo. Wakati inapozimika ndio unaotaja ugonjwa. Ukimpeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, muuguzi anakuuliza kwanza: homa inakuja saa ngapi, ilianza lini, inapanda usiku au mchana? Nasi tuiulize mashine hivyo hivyo.

Kwanza, mti uliokatwa nusu

Msumeno ukizimika katikati ya kazi, macho yote yanakimbilia mashine. Yakimbilie mti kwanza. Mti ulioingia msumeno nusu ni wa hatari kuliko mti mzima, kwa sababu upepo kidogo tu unaweza kuumaliza, tena kwa upande usioutaka. Watoto, mbuzi na wapita njia wawe mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Asikae mtu chini yake kutengeneza mashine, na asipite mama kuokota kuni. Fundi aondoke na mashine yake akaitazame pembeni, na abaki mtu mzima mmoja wa kulinda njia.

Kabla ya mkono kugusa mnyororo, mashine izimwe kwa swichi na kofia ya bugi ivutwe itoke. Mashine yenye moto isitiwe mafuta, iachwe ipoe kwanza. Ikishatiwa, isogezwe hatua kadhaa kutoka pale mafuta yalipomwagika, ndipo iwashwe. Na iwashwe ikiwa chini, mguu ukikanyaga mshiko wake wa nyuma, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Kuirusha hewani huku kamba inavutwa ni kucheza na mguu wako mwenyewe.

Inazimika ikiwa ndani ya mti?

Kama ikiwa nje inanguruma vizuri, lakini ikiingia kwenye mti inakufa, injini huenda haina kosa. Tazama kinachotoka: mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mti, mnyororo butu hutoa vumbi kama unga. Fundi akiulazimisha kwa nguvu, injini inachoka na kuzimika. Dawa yake ni tupa ya kunolea.

Tazama pia kama mnyororo umekazwa kupita kiasi. Mashine ikiwa imezimwa na kupoa, mkono wenye glavu uweze kuuzungusha bila shida, nao usining'inie chini ya ule ubapa wa chuma unaoushika. Tangi la mafuta ya mnyororo lisiwe tupu. Ile kinga iliyo mbele ya mkono nayo iwe imevutwa nyuma, kwa sababu ikisukumwa mbele inafunga breki, na mnyororo hauzunguki hata mkivuta moto namna gani.

Inazimika ikiachwa ingurume polepole?

Hapa tunaanza na chujio la hewa. Katika tambarare yetu ya Ruzizi vumbi la kiangazi si la kuuliza, na likichanganyika na unga wa mbao linaziba chujio kabisa. Mashine isiyopata pumzi inakunywa mafuta mengi, inatoa moshi mzito, kisha inazimika. Toa chujio, likung'ute, na kama ni la kuoshwa lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Likauke kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Siku za vumbi jingi, kulitazama mara moja kwa siku si kupita kiasi.

Tazama pia kama choki imesahauliwa ikiwa imefungwa. Chujio likiwa safi na choki ikiwa wazi, ndipo fundi anaweza kugusa ile skrubu ya mwendo wa polepole, kidogo kidogo. Mnyororo usizunguke mashine inaponguruma bila kukata. Ukizunguka, skrubu hiyo imepandishwa mno.

Inazimika ukivuta moto?

Hiyo ina njaa ya esansi. Ndani ya tangi kuna chujio dogo mwisho wa mpira. Hutolewa kwa waya wenye ndoano, nalo likiwa jeusi au gumu libadilishwe, si kitu cha bei kubwa. Fundi atazame pia mpira wenyewe. Ukipasuka unavuta hewa badala ya mafuta, hasa mashine ikilazwa ubavu.

Inakata vizuri, kisha inakufa ikishapata moto?

Hili ndilo linalowachanganya wengi. Mashine inafanya kazi robo saa, inazimika, inakataa kuwaka, mnakaa kivulini, kisha inawaka kama vile haikuwa na shida. Mara nyingi kosa ni tundu dogo la pumzi la tangi. Mafuta yakipungua, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tundu likiziba, tangi linanyonya ndani kama chupa iliyozibwa, na esansi haitoki tena. Kulijua ni rahisi: zima mashine, iache ipoe, kisha legeza kifuniko polepole sana, mbali na moto wowote. Ukisikia hewa inaingia kwa mlio, halafu mashine inawaka na kufanya kazi, mwizi umemshika. Kifuniko kisifunguliwe kamwe mashine ikiwa ya moto, kwa sababu mafuta yanaweza kuruka na kuwaka.

Kama tundu ni zima, safisha mapezi ya chuma yanayopoza injini, maana unga wa mbao huyafunika kama blanketi. Tazama bugi: ikiwa nyeusi yenye masizi, isafishwe, na nafasi ya cheche yake iwe nusu milimita. Bomba la moshi nalo lina wavu mdogo unaoweza kuzibwa na masizi. Hayo yote yakiwa sawa, na cheche inapotea kila mashine inapopata moto, basi koili ya umeme inaumwa. Hiyo ni kazi ya fundi, na pesa itatoka kwa haki.

Esansi ya chupa

Wengi wetu tunanunua esansi kwa kadhafi kando ya barabara. Inasaidia, lakini itazamwe. Imimine kwenye chupa nyeupe safi, iache itulie kivulini. Maji yakiwemo yatakaa chini, nawe utauona mstari. Maji hayo yakiingia kwenye mashine, itakohoa na kuzimika siku nzima.

Mashine hii haina mafuta mengine ya kulainisha injini isipokuwa yale yanayochanganywa na esansi. Tangi la pili ni la mnyororo tu. Kwa hiyo lazima kuchanganya mafuta ya injini za aina hii, si mafuta ya gari. Kitabu cha mashine ndicho kinachotoa kipimo. Kwa misumeno mingi ya Stihl na Husqvarna ni sehemu 1 ya mafuta kwa 50 za esansi, yaani mililita 20 kwa lita 1, pale mafuta yanapokuwa ya daraja linalotakiwa na mtengenezaji. Njia rahisi ni kununua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa: bomba 1 kwa lita 1, mabomba 5 kwa bidoni ya lita 5. Bomba hilo lisirudi tena kwenye dawa wala jikoni. Msichanganye zaidi ya mnachohitaji, kwa sababu mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja unaanza kuharibika, na joto letu linauharakisha.

Mashine iliyoshuka Ngomo

Hili ni la kwetu hasa. Misumeno mingi inanunuliwa na kurekebishwa Bukavu, kisha inashuka mteremko wa Ngomo kuja kwetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Sisi wa tambarare tuko katikati, lakini chini sana ya Bukavu. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi anapunguza esansi ili ilingane nayo. Mashine ikifika huku kwenye hewa nzito, esansi hiyo inakuwa pungufu: inasita ukivuta moto, inazimika, inapata joto kali. Na kwa kuwa mafuta ya kulainisha yanakuja pamoja na esansi, injini inaweza kukwama kabisa. Ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kununua au kukodi ni hili: ilirekebishwa wapi mara ya mwisho? Kama ni Bukavu, fundi wa hapa aisikilize na kuipanga upya kabla ya mti wa kwanza. Hapo ndipo kabureta inapoguswa kwa sababu, si kwa kubahatisha.

Mapatano kabla ya kamba kuvutwa

Tunashauri mama apatane kwa mti au kwa idadi ya mbao, si kwa siku. Ukilipa kwa siku, kila kuzimika kwa mashine kunakuwa hasara yako. Semeni mapema nani ananunua esansi, na mashine ikiharibika nani anaitengeneza. Awepo shahidi, hata jirani mmoja. Na ukiambiwa kitu fulani kimekufa, omba kwa heshima: "Papa fundi, nionyeshe kile cha zamani." Fundi mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kuona kwamba mwenye kazi anaelewa kazi.

Wenye mashine ya kikundi, kata ukurasa huu muubandike pale inapolala, na mfuate mpangilio huu: mnyororo, chujio la hewa, esansi, chujio la tangi, tundu la pumzi, bugi, bomba la moshi. Kabureta iwe ya mwisho. Wekeni pia daftari dogo: siku gani ilizimika, ikiwa inafanya nini, na nini kiliiponya. Baada ya miezi michache daftari hilo litawaokoa pesa nyingi.

Wiki ijayo, kwa kuombwa na wengi wenu, tutazungumzia pampu ya kumwagilia shamba. Mpaka hapo, kazi njema, na muende polepole.