Mtoto akililia bastola, apewe?

WAHENGA walinena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Hekima yao ilikuwa kwamba akishajikata atajifunza. Lakini wembe humkata yule aliyeushika. Bastola haina adabu hiyo: aghalabu anayeumia ni mwingine, na majuto huja maiti ikiwa chini.

Nimeikumbuka methali hii baada ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne kuniuliza swali lililonitoa jasho. Alikuwa amesoma kwamba nchini Marekani vijana wa miaka 18 hadi 20 wamekwenda mahakamani kudai haki ya kubeba bastola hadharani, nao wakashinda. "Mwalimu," aliniuliza, "inakuwaje nchi inayomkataza kijana kununua bia hadi atimize miaka 21 imruhusu kutembea na silaha?"

Rekebisho la Pili la Katiba ya Marekani, lililoidhinishwa mwaka wa 1791, linalinda haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha. Mnamo 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, wala si ya wanamgambo pekee. Mnamo Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York, iliongeza kwamba haki hiyo haikomei mlangoni. Humfuata mtu hadi barabarani. Tena ikaagiza kwamba serikali ikitaka kuibana, sharti ithibitishe kuwa sheria yake inaafikiana na desturi ya kale ya taifa hilo ya kudhibiti silaha.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Sheria ya Minnesota ilimtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola awe ametimiza miaka 21. Julai 2024 mahakama ya rufaa iliitangua, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya jimbo hilo. Huko Florida mambo yalikwenda kinyume. Baada ya kijana wa miaka 19 kuwaua watu 17 katika shule moja ya upili mjini Parkland, Februari 2018, jimbo hilo lilipiga marufuku kuwauzia bunduki walio chini ya miaka 21. Machi 2025 mahakama nyingine ya rufaa iliikubali sheria hiyo. Kweli, kesi moja ilihusu kubeba na nyingine kununua. Lakini swali la msingi lilikuwa lile lile: je, kijana wa miaka 18 ni mtu mzima mbele ya bunduki?

Wanaowatetea vijana hutaja sheria ya mwaka wa 1792, iliyowaandikisha wanaume Wazungu katika wanamgambo kuanzia miaka 18 na kumtaka kila mmoja ajipatie bunduki yake. Wapinzani wao hujibu kwamba enzi hizo aliye chini ya miaka 21 alihesabiwa mtoto kisheria, na kwa kawaida mkataba aliotia sahihi haukumfunga. Pande zote mbili zinasema kweli. Historia moja, hukumu mbili!

Siipuuzi hoja ya vijana. Tangu 1971 kijana wa Marekani hupiga kura akiwa na miaka 18, na katika umri huo huo hukubaliwa jeshini. Anayeweza kufia taifa ana haki ya kuuliza kwa nini haaminiwi mtaani. Hata hivyo, askari hukabidhiwa silaha pamoja na mafunzo na mkubwa wa kumwajibisha. Na kura iliyopigwa vibaya husahihishwa katika uchaguzi ufuatao. Risasi haina uchaguzi wa marudio. Tangu 2020 bunduki ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hiyo.

Kwa maoni yangu, kasoro imo katika mizani yenyewe. Ingawa mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba si lazima sheria ya leo ifanane kabisa na ya kale, jicho la hakimu bado linaelekezwa nyuma, kwa watu ambao hawakuijua bastola ya leo wala mji wa leo. Katiba yetu ya 2010 haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki, lakini kifungu chake cha 24 kinatufunza namna bora ya kuzipima haki: je, mpaka uliowekwa ni wa busara, na unaweza kutetewa katika jamii huru na ya kidemokrasia? Kizuizi cha miaka mitatu, kwa silaha inayoua kwa dakika moja, naona kinaupita mtihani huo.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivyo, naye hakuridhika. "Basi nani ataamua busara ni ipi, Mwalimu?" Walimu wenzangu, lipelekeni swali hilo darasani. Nyinyi wanafunzi, mlijadili bila kuogopa: kesho wengine wenu mtaketi katika viti vya mahakimu.