Kabla ya kununua mashine, uliza itavumilia umeme gani

Mwenye kinu cha mahindi, kiwanda cha mikate ao pompa ya kisima huko Golf, mjini Lubumbashi, akienda kununua mashine anauliza mambo mawili: bei na nguvu ya mota. Swali la tatu, ambalo ndilo linaamua kama mashine itadumu, haliulizwi: itavumilia umeme wetu?

Wengi wanaogopa delestaji. Lakini umeme ukikatika kabisa, mota inapumzika. Hatari kubwa ni umeme unaobaki ukiwa dhaifu. Mota ya volti 380 ikipata volti 300, nguvu yake ya kuzungusha inashuka hadi karibu asilimia 62. Ikiwa na mzigo uleule, inavuta mkondo mwingi zaidi, inapata moto, na waya za ndani zinaungua. Fazi moja ikipotea kati ya tatu, inaweza kuungua kwa dakika chache.

Tatizo hili si la wadogo peke yao. Sehemu ya umeme wa Katanga inatoka Inga, kupitia laini ya kilomita karibu 1.700 hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982. Hata mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, uliongeza jenereta za mazutu kwa sababu umeme wa mtandao haukutulia. Mwenye kinu hana uwezo huo. Kwa hiyo achague vizuri tangu dukani.

Soma kibandiko cha mota: volti ngapi, na herzi 50. Usichukue mota inayotosha kazi kwa shida. Chukua yenye akiba ya nguvu. Dai kifaa kinachozima mashine fazi ikipotea ao volti ikishuka, na kinachongojea kidogo kabla ya kuiwasha tena umeme ukirudi. Mtu atasema vifaa hivyo vinaongeza bei. Ni kweli, lakini aweke pembeni yake malipo ya fundi wa kufunga waya upya, pamoja na siku ambazo wateja wanapeleka mahindi kwa jirani.

SNEL inabaki na deni la kutupatia umeme uliotulia. OCC nayo, inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, ingelazimisha wauzaji waandike wazi kiasi cha volti ambacho mashine inavumilia. Mnunuzi wa Golf ana haki ya kujua hilo kabla ya kutoa dola zake.