Asiyekula Nyama Katika Nyumba ya Kiislamu



Limo jambo linaloingia polepole katika nyumba zetu. Kijana hurejea kutoka chuoni akawaarifu wazazi wake kwamba hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa. Hana maradhi, anasema anamhurumia mnyama. Baba huona dini imechezewa, mama huona chungu chake kimedharauliwa, na Idd el-Hajj inapokaribia maneno huzidi ukali. Tumeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa utulivu kabla halijavunja udugu.

Kwanza tuweke msingi. Nyama ya mnyama wa halali, aliyechinjwa kwa sharia, ni halali. Suratun-Nahl inawataja wanyama wa kufuga miongoni mwa neema tulizopewa: tunapata kwao joto, manufaa na chakula. Nayo Suratul-Maida inawakataza waumini kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa. Basi asemaye kwamba kula nyama ni dhambi amevuka mpaka usiokuwa wake.

Lakini kuacha si kuharamisha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akainua mkono wake asile. Alipoulizwa kama ni haramu alikanusha, akaeleza kuwa hakuzoea kumla katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamla hapo hapo, Mtume akitazama. Katika sinia moja mmoja alikula na mwingine akaacha, wala hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Adabu hiyo ndiyo inayotupotea majumbani.

Wala jambo lenyewe si geni. Mshairi wa Sham, Abul-Alaa al-Maarri, aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki mwaka 1057, aliacha nyama, maziwa, mayai na hata asali. Mwanachuoni wa dola ya Fatimiyya, al-Muayyad wa Shiraz, alimwandikia barua kumwuliza sababu. Al-Maarri akataja maumivu ya wanyama, na pia uchache wa kipato chake. Wawili hao hawakuafikiana, lakini walijadiliana kwa kalamu na hoja. Ikiwa wao waliweza, baba na mwanawe washindweje?

Sasa tuigeukie nafsi yetu sisi tulao. Suratul-An'am inatwambia kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyo katika Sahih Muslim, tumeamrishwa wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na riwaya ya Ibn Abbas inamkemea anayenoa kisu mbele ya macho ya mnyama. Je, ndivyo tufanyavyo? Kuku huning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli tangu alfajiri. Mbuzi hufungwa miguu minne akabebwa nyuma ya pikipiki juani. Mwingine huchinjwa huku mwenziwe akitazama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na sisi tunayo iliyotangulia kwa zaidi ya karne kumi na tatu. Kijana akituuliza juu ya hayo, kumwambia kuwa nyama ni halali hakulijibu swali lake. Uhalali wa nyama hauhalalishi mateso.

Kijana naye ana wajibu wake. Asiwaite wazee wake wakatili, wala asimhukumu mfugaji wa nyika kavu ambaye pasipo maziwa na nyama hana maisha. Ajue pia kuwa vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mimea. Aachaye vyote vya wanyama huhitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, hasa mjamzito, anyonyeshaye na mtoto. Amwone daktari, asijitese kwa jina la huruma.

Na mama asihofu. Mbaazi za nazi, kunde, choroko, maharage na mchicha ni vyakula vyetu tangu zamani. Havimlazimu mtu apike vyungu viwili kila siku.

Ama udhhiya, kwa Shafii ni sunna iliyokokotezwa, na asiyependa nyama hakunyimwa thawabu yake. Na achinjiwe mnyama aliyetunzwa vizuri, kwa kisu kikali, kisha nyama yote impelekee jirani ambaye pengine hajaionja kwa miezi. Huruma kwa mnyama na huruma kwa maskini hazigombani.

Tunawanasihi wazazi: msimfukuze mtoto sinia kwa sababu ya kipande cha nyama. Mpisheni akae, ale wali na mbaazi, nanyi kuleni chenu kwa Bismillahi. Kisha Idd ijayo, mwulizeni yeye kama kisu kimenolewa.

Wallahu a'lam.