Mkono ku mdomo: na siye wa Goma, nani anatuziba?



Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kule Abidjan, mbele ya nusu-fainali na Côte d'Ivoire, Leopards wetu walifanya kitu ambacho wakubwa wa inchi wameshindwa miaka yote. Wimbo wa taifa ukiwa unapigwa, kila mchezaji aliziba mdomo kwa mkono mmoja, na ule mwingine akauelekeza ku kichwa kama bunduki. Tulipigwa 1-0. Lakini pale nilikuwa naangalia mechi, Katindo, watu wazima walilia mbele hata bao halijaingia. Ile wiki mabomu yalikuwa yanaanguka Sake na wakimbizi wanajaa barabarani na magodoro ku kichwa.

Kuna wenye kusema mpira ni mpira, siasa ibaki nje. Hao wasome kidogo. Marekani, mwaka 2016, Colin Kaepernick alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa juu polisi walikuwa wanaua watu weusi. Msimu ulipoisha hakupata tena timu. Na kwetu, Kombe la Dunia 1974: Mwepu Ilunga alitoka mbio ku ukuta akapiga mpira mbali, wakati Brazil njo walikuwa wapige faulo. Dunia nzima ilicheka, eti Mwafrika hajui sheria. Kisha yeye mwenyewe akaeleza: ilikuwa hasira ya feza ambazo hawakulipwa. Wachezaji wetu walianza zamani kusema na mwili.

Sasa tusemezane ukweli. Tunapiga makofi juu ile bunduki ya vidole tunaisoma: ni M23, ni Kigali. Ni kweli. Lakini hapa Goma, tarehe 30 mwezi wa nane 2023, bunduki haikutoka Kigali. Walinzi wa Jamhuri, jeshi letu wenyewe, walifyatulia waumini waliokuwa wanajiandaa kuandamana kupinga MONUSCO. Serikali yenyewe ilitangaza maiti 43, na hesabu ikapanda kupita 50. Mwezi wa kumi Kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo, askari watatu miaka 10. Faili ikafungwa. Na agizo? Lilitoka wapi, lilipita ku meza ya nani? Kumuua kanali hakutatujibu.

Tangu mwezi wa tano 2021 tulikuwa chini ya etat de siège. Gavana alikuwa mwanajeshi, meya alikuwa polisi, raia alikuwa anapelekwa mbele ya tribinali ya jeshi. Kile Bakambu alifanya mbele ya kamera, kijana wa Majengo angejaribu kukifanya pale Rond-point Signers, na wenzake kumi, bila kusema neno. Jeep ingefika mbele hajashusha mkono. Mimi mwenyewe, na diploma yangu isiyo na kazi, nilishapandishwa ku jeep juu ya kipande cha karatoni. Waliniuliza nani ananilipa. Angalau mtu angekuwa ananilipa!

Watatuambia: wakati wa vita, mwenye kulaumu jeshi anasaidia adui. Hapana. Askari aliyekuwa ku mstari wa Sake, mama zetu walimupelekea maji na chakula, na tulimulilia akianguka. Mwenye kufyatulia raia wenye mikono mitupu katikati ya muji hakuwa Sake. Risasi zile adui hakuzisikia hata moja.

Basi wakubwa wanaofurahia ishara ya Leopards, waifurahie yote, na ule mkono wa ku mdomo pia. Waache raia waandamane kwa amani. Waondoe raia mbele ya majaji wa kijeshi. Familia za 30 Agosti zilipwe, na zijulishwe jina la aliyetoa agizo, hata kama ofisi yake iko Kinshasa.