Mukate uliopotea, ama akili iliyopotea?

Tunataka kusema juu ya jambo dogo la jikoni, lakini ndani yake kuna haya kubwa.

Siku hizi, katika nyumba nyingi za Lubumbashi, wageni wa siku ya Mungu wakitoka misa wanaandaliwa chakula cha saa tano, kinachounganisha asubuhi na mchana. Katikati ya meza iko pain perdu: mukate uliochovywa katika maziwa na mayayi, ukakaangwa, ukanyunyiziwa sukari. Ni chakula kizuri, hatuna ugomvi nacho. Ugomvi wetu ni huu: mutoto anatumwa kununua mukate wa leo, ungali na moto, ili wapike chakula cha mukate wa juzi!

Jina lenyewe linasema: mukate uliopotea, ni kusema uliokauka mpaka meno yanakataa, mama akaurudisha mezani. Waroma wa zamani walilowanisha mukate katika maziwa, wakaukaanga na kuumwangia asali. Wajerumani wanakiita Arme Ritter, maana yake askari wa farasi walio maskini. Tunaona wazi: ni akili ya kutotupa chakula. Na tena mukate mupya unalegea na kuvunjika ndani ya maziwa. Ule uliokauka unakunywa pole pole na kusimama.

Sasa, katika nyumba ile ile, bukari ya jana inafichwa. “Mugeni asiione!” Lakini vipande vya bukari vilivyochomwa juu ya mbabula na kuliwa na chai, si ni akili ile ile? Tofauti iko wapi, kama si jina la Kifaransa? Tunaiga sahani ya wazungu, tunaacha hekima yao, na tunaonea haya hekima yetu. Hiyo ni hasara mara mbili, na feza ya nyumba ndiyo inalipa.

Kuna wengine wanaosema: “Tuache hivi vyote, si vya bankambo.” Hawa pia hatukubaliani nao. Muhindi na muhogo tunaopika bukari vilitoka Amerika, na leo hakuna anayeviita vya wageni. Mila si kukataa kitu cha mugeni. Mila ni kujua namna ya kukitumia.

Wala tusisingizie kukosa furu. Vipande vya mukate mukavu, maziwa ya unga yaliyokorogwa, mayayi mawili ama matatu, sukari, ndizi iliyoiva sana: tupange katika sufuria iliyopakwa mafuta, tuache vilowane vizuri. Halafu tuweke makala machache chini, na mengine juu ya kifuniko. Hata umeme ukikatika, chakula kinaiva na kupata rangi juu.

Tunajua jibu: “Vya jana vinaleta ugonjwa.” Mukate wenye ukungu tutupe, bukari iliyochacha tutupe. Lakini kukauka si kuoza, na mama anayejua kutofautisha hivi viwili anastahili heshima, si kuchekwa.

Basi, siku ya Mungu inayokuja, tuweke pain perdu ya mukate wa juzi na bukari ya kuchoma kwenye meza moja, mbele ya mugeni, bila kufunika sahani yoyote. Na watoto wakiuliza, tuwaambie kila moja imetoka wapi.