TIMU IKISHUKA ISIVUNJWE

Ndugu wanaushirika,

Kwenye kikao kilichopita yalitoka mawazo mawili juu ya timu yetu ya kijiji, ambayo imeshuka daraja kwenye ligi ya wilaya. Wa kwanza walisema ivunjwe, mipira na jezi wapewe watoto wa shule. Wa pili walisema ushirika utoe fedha tukakodi mamluki, tupande mwaka huu huu. Mimi nayapinga yote mawili. Naandika hapa ukutani ili kila mmoja asome kwa nafasi yake, maana kikaoni kelele zilizidi.

Sisi tumezoea Simba na Yanga tu. Redio ikifunguliwa, kijiji kinagawanyika nusu kwa nusu. Lakini hao kushuka daraja hawakujui, watatufundisha nini? Tutazame ligi iliyo chini yao, ile ya Daraja la Kwanza, ambayo tangu 2021 inaitwa Championship. Msimu wa 2024/2025 zilicheza timu 16, kila moja mechi 30, yaani 15 nyumbani na 15 ugenini. Mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinaingia kwenye mchujo, mbili za mkiani zinateremka. Sasa piga hesabu ya safari hizo 15: nauli, chakula na malazi ya watu zaidi ya ishirini, na nchi yetu ilivyo kubwa. Mpira wa huko unachezwa na mfuko kabla haujachezwa na miguu.

Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ilikuwa bingwa wa nchi 1999 na 2000. Mwaka 2024 ikashuka, watu wakacheka. Je, kiwanda kilisema ivunjwe? Hapana. Ilicheza huko chini msimu mmoja, ikawa bingwa wa Championship, 2025 ikarudi Ligi Kuu. Mbeya City, timu ya halmashauri, ilishuka 2023, ikavumilia misimu miwili, nayo ikarudi pamoja na Mtibwa.

Haya, na sisi wakulima wa pamba tuiangalie timu yenye jina la zao letu. Pamba ya Mwanza ilishuka 2001. Ilirudi lini? 2024. Miaka 23, jamani! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa tayari na ndevu. Kwa maoni yangu haikukosa wachezaji, kwani Mwanza haijapata kukosa vijana wa mpira. Ilikosa mtu wa kuishika mkono, mpaka Jiji lilipoichukua, ndiyo maana ikaitwa Pamba Jiji.

Na nyie mnaotaka mamluki, nawaambieni kupanda si kazi, kazi ni kukaa. Ken Gold ya Chunya mwaka 2024 ilikuwa bingwa wa Championship, ikaipita hata hiyo Pamba. Mwaka 2025 ikawa ya mwisho Ligi Kuu, ikarudi chini. Biashara United ya Musoma nayo, mwaka 2021, ilishika nafasi ya nne Ligi Kuu, ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 Dar es Salaam. Kwenye marudiano Libya haikufika! Ushindi uko mkononi, safari imeshindikana. Msimu huo huo ikashuka daraja.

Mtasema hao wana viwanda na halmashauri, sisi tuna nini? Basi tazameni Stand United ya hapo Shinyanga, iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi. Ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2019. Haikufa. Mwaka 2025 ilifika mchujo wa mwisho, ikafungwa na Fountain Gate, ikabaki chini. Lakini ipo, na inacheza.

Sasa shauri langu. Makato kwenye kilo za mkulima sitaki, najua neno hilo linavyowasha masikio ya watu. Ila nyuma ya ghala kuna ekari 2 za ushirika hazijalimwa tangu msimu uliopita. Timu ipewe hizo. Vijana walime wenyewe, pembejeo wakopeshwe kama mwanachama mwingine yeyote, mauzo yaandikwe kwenye daftari lao, yawe nauli na mipira. Wale wanaoshinda kijiweni wakitupa elfu moja moja kwenye mikeka ya kubeti, jembe nalo linawangoja. Asiyelima asivae jezi, hata kama anafunga mabao.

Kikao ni Jumamosi saa tatu asubuhi, pale pale ghalani. Nahodha aje na orodha ya wachezaji wote, na majembe tutayahesabu siku hiyo hiyo.

Katibu wa Tawi